Mzinga na Katapila

Mjini, neno mzinga lina kazi nyingi. Rafiki akikuvuta pembeni kijiweni mwisho wa mwezi na kuanza kukusimulia habari za mwenye nyumba wake, ujue tayari unapigwa mzinga. Ukiingia baa, mzinga ni chupa kubwa. Siku za sherehe za taifa mizinga hulia mara 21, na watoto huziba masikio. Lakini shika njia ya Dodoma kwenda Bahi, Manyoni hadi Itigi, au panda kaskazini kuelekea Chemba na Kondoa, kisha muulize mzee wa huko mzinga ni kitu gani. Habari za chupa hatakupa. Atanyoosha kidole juu ya mti, nawe utaona gogo limetundikwa, limechongwa wazi ndani, limezibwa huku na huku, na nyuki wanaingia na kutoka kama abiria stendi.

Makala haya ni historia ya mzinga huo. Nayaandika kwa sababu siku hizi kila mtu anazungumzia asali. Viongozi wanaizungumzia, wenye viwanda wanaizungumzia, hata vijana waliomaliza chuo na kukosa ajira wanapiga hesabu za mizinga kwenye daftari. Jambo jema. Ila wengi wanaongea kana kwamba historia ya asali ya kanda ya kati inaanza leo, na kana kwamba maendeleo ndiyo kwanza yanabisha hodi porini. Sivyo. Yalikwisha kubisha hodi zamani, tena mara moja yalikuja na katapila. Tukikumbuka yaliyotokea siku zile, tutajua la kuuliza leo.

Gogo lenye akili

Sisi tuliosoma mjini tumezoea kuliona gogo lile kama zana duni. Mzinga wa sanduku ndio maendeleo, gogo ni ushamba. Tusikubali haraka hivyo, maana kila kitu katika gogo kina sababu yake.

Linatundikwa juu kwa sababu chini kuna nyegere, mnyama asiyeogopa kitu wala mtu, na kuna siafu, na kuna moto wa kiangazi unaofagia nyasi kila mwaka. Ubao wake ni mnene kwa sababu jua la nyanda za juu kavu si la mchezo, na masega yakipata joto kupita kiasi huyeyuka na kuanguka. Halina misumari wala fremu kwa sababu mwenyewe anaweza kulichonga porini kwa shoka na tezo bila kukopa senti ya mtu.

Kisha kuna nyuki wenyewe. Nyuki wa Ulaya amezoea kuweka akiba ya kuvuka miezi ya baridi, kwa hiyo hukaa nyumbani kwake. Nyuki wetu ni mwepesi wa hasira na mwepesi wa safari. Maua yakiisha hapa, maji yakikauka, au akisumbuliwa sana, hufungasha na kuhama kundi zima. Huwezi kumfunga kamba kama mbuzi. Ndiyo maana mfugaji wa jadi hafugi kwa maana tunayoijua ya zizi na malisho. Yeye hukaribisha wageni. Huchonga mizinga mingi, huipaka nta ndani ili inukie, huitawanya mbalimbali, kisha husubiri. Mwaka huu mingine itajaa na mingine itabaki tupu, na mwakani mambo yatageuka. Kwa kuwa kila gogo limemgharimu jasho tu, mzinga mtupu haumfilisi.

Hesabu hiyo inaendana na elimu nyingine ambayo haikuandikwa popote. Mrina asali anajua mti gani unachanua baada ya mvua ya kwanza na upi unasubiri. Anajua asali ya vichaka vya Itigi, inayosifika kwa weupe wake, inatofautiana na asali nyeusi ya porini kwingine. Anajua nyuki wadogo, wale wasiouma, wanaokaa katika matundu ya miti na kutoa asali kidogo yenye uchachu ambayo watu huinunua kwa bei kubwa kama dawa. Wakimbu wa Itigi, Wanyaturu wa Singida, Wasandawe na Warangi wa upande wa Kondoa, Wagogo wa Dodoma, kila watu wana namna yao na majina yao ya miti na majira. Elimu hiyo ndiyo urithi. Gogo ni chombo chake tu.

Nisiusifie mno. Urinaji wa jadi una dosari zake, na wazee wenyewe wanazijua. Mwenge ukiachwa ukiwaka huchoma pori. Masega ya asali yakikatwa pamoja na ya watoto wa nyuki, asali huchafuka. Ikirinwa kabla haijaiva huwa na maji mengi na huchacha. Na pale watu wanapotengeneza mizinga kwa kuchuna magome, mti unaochunwa kuzunguka shina hufa. Haya ni kweli.

Nta ilisafiri kabla yetu

Watu husema kumfungulia mfugaji wa jadi soko la nje ni kumleta duniani. Alikuwako duniani siku zote. Hata lugha yetu inashuhudia: nyuki ni neno la Kibantu, lina ndugu zake katika lugha chungu nzima za bara, lakini asali tumelipokea kutoka Kiarabu. Mdudu alibaki na jina la nyumbani, mali yake ikachukua jina la sokoni.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakatiza Ugogo ambako watemi walitoza hongo, kisha ikaingia nyika kavu iliyotisha wapagazi, Mgunda Mkali, kabla ya kufika Unyanyembe, yaani Tabora. Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia hiyo kuanzia 1857, aliitaja katika maandishi yake mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Nyika ambayo msafara uliiona kuwa ni jangwa la kukimbia, kwa Wakimbu ilikuwa nyumbani, pori la kuwinda na kurina.

Asali yenyewe ilikuwa ya kula, ya dawa na ya pombe ya wanzuki. Kilichosafiri mbali ni nta. Haimwagiki, haiozi, na Ulaya ilikuwa na njaa ya mishumaa na dawa za kung'arishia mbao. Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898, watu wa misituni walihitaji fedha ambazo shamba la mtama halikuzileta. Nta ikawa njia mojawapo ya kuipata rupia. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na nta ikawa miongoni mwa mizigo iliyoshuka pwani. Waingereza nao walipochukua nchi hawakuipuuza biashara hii. Waliajiri maofisa wa ufugaji nyuki, na mmoja wao, F. G. Smith, alitoa mwaka 1960 kitabu chake Beekeeping in the Tropics kilichotokana na kazi yake Tanganyika.

Kwa hiyo gogo lile duni lilikuwa limeunganishwa na soko la dunia kabla babu zetu wengi hawajavaa viatu. Mfugaji hakukosa soko. Alikosa sauti ndani ya soko. Bei ilipangwa mbali, naye akapewa alichopewa.

Kongwa, 1947

Sasa tuje kwenye katapila. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Wakubwa wakapata wazo: tulime karanga Tanganyika, si shamba moja, bali ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza mwaka 1947, na mahali pa kwanza palikuwa Kongwa, hapa hapa Dodoma. Wataalamu walitazama pori la Kongwa na kuona ardhi tupu isiyo na mwenyewe wala kazi.

Wakaleta matrekta na makatapila, mengine masalio ya vita. Vifaru vilivyotumika kupigana vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Pori likawapokea kwa namna yake. Mizizi ya vichaka ilivunja vyuma. Mibuyu ilikuwa taabu tupu. Mmoja, inasimuliwa, ulikuwa ukitumika kama jela ya mahali pale, na mwingine ulikuwa mahali pa kuabudia mizimu. Mingi mingine ilikuwa na uwazi shinani, na ndani ya uwazi huo walikaa nyuki. Katapila likigonga mbuyu, kundi zima linatoka. Wafanyakazi waliumwa hadi wengine wakalazwa hospitali.

Ndugu msomaji, simama kidogo hapo. Mradi mkubwa kuliko yote uliopata kuletwa katika nchi hii wakati wa ukoloni ulikutana ana kwa ana na makundi ya nyuki, na katika vitabu vyake nyuki wale wakaandikwa kama kikwazo cha kazi, sawa na kisiki na jiwe. Pori lilikuwa linazalisha tayari. Lilikuwa na mali iliyokuwa ikisafirishwa Ulaya kwa miongo mingi, na lilikuwa na watu wenye elimu ya kuivuna bila trekta wala dizeli. Hakuna aliyewauliza. Wangeulizwa, wangeeleza pia habari ya mvua isiyotabirika na udongo ule mwekundu ambao kiangazi kikifika huwa mgumu kama tofali. Maana ndivyo vilivyoumaliza mradi: ukame, na karanga zilizofungwa ardhini zisitoke. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifunga hesabu na kufuta hasara ya takriban pauni milioni 36.

Wengi wetu tumefundishwa Kongwa kama kichekesho cha wakoloni. Tunacheka, tunafunga daftari. Mimi naona ni somo la namna ya kutazama. Aliyekuja na mpango mkubwa alitazama pori akaona utupu. Hilo si kosa la rangi ya mtu wala la karne iliyopita. Hata leo mtu aweza kulifanya, akiwa na shahada na nia njema.

Kijiji barabarani, mizinga porini

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kwa pande mbili. Kwa upande mmoja wafugaji wa Tabora walipata ushirika wao, na baadaye mji huo ukapata chuo cha ufugaji nyuki ambacho kimesomesha wataalamu wengi. Kwa upande mwingine, Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na uhamishaji wa nchi nzima wa miaka iliyofuata, uliwakusanya watu vijijini karibu na barabara, shule na zahanati. Mema yake yapo. Lakini kijiji kilikaa barabarani na mizinga ikabaki porini. Mtu aliyekuwa akikagua mizinga yake akienda kuchota maji, sasa ilimbidi asafiri kutwa. Miti ya jirani ikawa nguzo, kuni na mkaa. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na hasa baada ya serikali kuhamia kwa vitendo kuanzia 2016, mji uliongezeka watu, na mji ukiongezeka watu magunia ya mkaa nayo huongezeka. Kila gunia ni mti uliokuwa ukitoa maua.

Sheria nazo zikaja. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilitoka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki mwaka 2002. Zikaanzishwa hifadhi za nyuki, mojawapo Aghondi, wilayani Manyoni. Mizengo Pinda, Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alilivalia njuga suala hili, akaweka manzuki yake mwenyewe shambani kwake Zuzu, nje kidogo ya Dodoma, akawa anahimiza kila mtu afuge. Serikali kwa miaka mingi imekuwa ikitaja kwamba nchi ina uwezo wa kutoa tani 138,000 za asali kwa mwaka. Tunachotoa ni sehemu ndogo tu ya hizo, na kwa sehemu kubwa kinatoka katika magogo yale yale tunayoyacheka.

Sanduku na swali lake

Mzinga wa kisasa wa masanduku ulibuniwa na Mmarekani Lorenzo Langstroth mwaka 1851. Siri yake ni nafasi ndogo, pungufu ya sentimita moja, ambayo nyuki huiacha wazi bila kuijaza nta. Ukiipatia nafasi hiyo, fremu hutoka na kurudi bila kuvunjika. Ukiikosea kidogo, nyuki huziunganisha fremu zote kuwa kitu kimoja, na mzinga wa kisasa unakuwa gogo la bei mbaya. Fundi seremala asiyeelezwa hilo hutengeneza sanduku zuri la kutazama, na kikundi cha akina mama kinakopeshwa masanduku hamsini, kisha nyuki hawaingii, au wanaingia na kuhama kiangazi. Mkopo hauhami.

Sisemi sanduku ni baya. Linatoa asali safi, linakaguliwa bila kuua nyuki, na mama anaweza kulihudumia bila kupanda mti, jambo ambalo gogo liliwanyima wanawake kwa vizazi vingi. Kiwanda nacho kina faida zake za wazi. Soko la kimataifa halitaki asali yenye maji zaidi ya asilimia 20, na kipimo hicho hakipatikani kwa kuonja na kidole. Nta iliyokuwa ikitupwa hupata mnunuzi. Chupa yenye lebo inayotaja Itigi au Kondoa hupata bei ambayo chupa ya maji iliyotumika, inayouzwa kando ya barabara, haiwezi kuipata.

Swali langu ni hili: kiwanda kinanunua nini? Kama kinanunua asali peke yake, kitaokoa asali na kuuzika ufugaji. Kitachanganya ya Itigi na ya kwingine ndani ya pipa moja, na weupe ule utapotea humo. Kitampa kijana sanduku na semina ya siku tatu, na mzee anayejua ni lini mti unachanua hataitwa kwenye semina. Wakati huo huo vichaka vitafyekwa. Manyoni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010, kumefunguliwa mashamba makubwa ya korosho. Alizeti nayo imeenea Singida na Dodoma. Mazao haya yote mawili yanamhitaji nyuki ili maua yazae. Lakini dawa ya wadudu haiulizi nani rafiki wa shamba. Katapila limerudi, safari hii ni mali yetu wenyewe. Je, limemuuliza mrina asali?

Elimu hii ina wenyewe

Kama kuna anayedhani elimu ya wazee ni hadithi tu, atazame Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa nyanda hizi. Wao huongozwa na ndege mdogo anayejua nyuki walipo lakini hawezi kupasua mti. Mtu hupiga mluzi, ndege huitika, huruka mbele kutoka mti hadi mti. Mtu hupata asali, ndege hupata nta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulipima jambo hili kwa Wahadzabe na kwa Wayao wa Msumbiji. Ikaonekana ndege wa kila mahali huitikia zaidi wito wa watu wa mahali pale kuliko wito wa wageni. Ukifa mluzi wa Wahadzabe, huwezi kuagiza mwingine kutoka Msumbiji. Ndege hatauelewa.

Wenzetu wengine wamelitambua hili. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza ufugaji nyuki wa mitini wa Poland na Belarus katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kule nako mizinga ya magogo ilikuwa imekaribia kutoweka, na watu wakaanza upya kujifunza kuichonga. Mwaka 2022 Slovenia nayo ikaingizwa kwa ufugaji wake wa nyuki. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2011. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ni haki yake. Lakini mchoro ni kazi ya mikono iliyokwisha kufa. Kilomita chache kutoka kwenye miamba ile kuna mikono iliyo hai inayochonga mizinga, na haina kibao hata kimoja kinachoitambulisha.

Kazi iliyo mbele yetu

Basi viwanda vije. Lakini vije na mambo matatu. Kwanza, mzee mrina asali awe mwalimu mwenye malipo, si mzigo wa kuelimishwa. Pili, asali ibaki na jina la pori lake hadi kwenye chupa, kwa maana mfugaji ambaye bei yake inategemea maua ya kichaka fulani atakuwa wa kwanza kukilinda kichaka hicho. Tatu, gogo na sanduku vikae pamoja. Gogo liendelee kualika makundi porini, sanduku likae karibu na nyumba kwa mama na kijana. Wafugaji kadhaa wanafanya hivyo tayari bila kungoja semina.

Na sisi tunaoandika tuna letu. Majina ya miti kwa Kikimbu, Kisandawe, Kirangi na Kigogo, majira yake ya kuchanua, alama ambazo watu huchonga kwenye mizinga kuonyesha mwenyewe ni nani, nyimbo za kurinia usiku: hayo hayahitaji mtaji wa kiwanda. Yanahitaji daftari, nauli ya basi, na adabu ya kukaa chini na kusikiliza. Likizo ijayo, wewe uliyetoka Manyoni au Kwa Mtoro, usirudi mjini na dumu la asali peke yake. Muulize babu dumu hilo limejazwa na maua ya mti gani, uandike jibu lake kwa jina alilolitumia yeye.